Moyo wa Pili

Mwaka 1966, nchini Israeli, daktari aitwaye Harry Heller alianza kupatwa na vipindi vya moyo kwenda mbio ghafla. Ulikuwa ukikimbia kwa muda, kisha ukitulia kana kwamba hakuna lililotokea. Mmoja wa waliomfuatilia kwa karibu alikuwa Michel Mirowski, daktari wa moyo aliyepitia mikononi mwake na kumwona kama mwalimu wake. Mirowski alijua dalili zile zinaelekea wapi. Alimwambia mkewe kwamba mzee yule atakufa. Haukupita muda mrefu, Heller akaanguka mezani akiwa anakula na familia yake.

Mirowski hakuwa mgeni wa vifo. Alizaliwa Warsaw mwaka 1924, akauhama mji ule akiwa kijana wa miaka 15 baada ya Wajerumani kuivamia Poland, na vita vilipokwisha alijikuta ndiye pekee aliyesalia katika familia yao. Lakini kifo cha Heller kilimkera kwa namna yake, kwa sababu kilikuwa kimepiga hodi. Mashine za kuushtua moyo kwa umeme zilikuwapo, ila zilikuwa kubwa na zilikaa hospitalini. Kumwokoa Heller kungetaka alazwe wodini siku zote, akingojea dakika moja ambayo ingeweza kuja kesho au baada ya miaka mitano.

Mirowski akawaza kwamba kama mgonjwa hawezi kuishi karibu na mashine, basi mashine iishi ndani ya mgonjwa. Mwaka 1968 alihamia Hospitali ya Sinai mjini Baltimore, Marekani, na huko yeye na mwenzake Morton Mower wakaanza kuunda kifaa kidogo cha kupandikizwa mwilini, kinachosikiliza moyo na kuushtua chenyewe ukianza kutapatapa. Wakubwa wa fani hawakukipenda. Mwaka 1972 Bernard Lown, mmoja wa waliokuwa wameuendeleza ushtuaji wa moyo kwa umeme, aliandika na mwenzake kwamba jambo hilo halina maana. Mirowski na Mower walipoonyesha filamu ya mbwa aliyeanguka moyo ukiwa umevurugika, kisha akashtuliwa na kifaa kilichomo mwilini na kuinuka, wapo waliosema mbwa yule amefunzwa kuanguka na kuinuka. Ikabidi filamu irudiwe, safari hii ikionyesha na mchoro wa umeme wa moyo pembeni.

Tarehe 4 Februari 1980, katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kifaa hicho kilipandikizwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1985 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakiidhinisha. Mirowski alifariki mwaka 1990, akiwa ameshaona wale waliomcheka wakikiandika kwenye vyeti vya wagonjwa wao.

Kilipokubalika, kikaleta swali ambalo Mirowski hakulazimika kulijibu kwa Heller: apandikizwe nani? Kwa Heller jibu lilikuwa wazi, maana moyo wake ulikuwa umeshaonya. Wengi hawaonywi. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 1996, 2002 na 2005 yalitafuta kipimo cha kumtambua mtu kabla ya onyo la kwanza, na kipimo kilichoshika ni cha nguvu ya moyo kusukuma. Chemba ya chini ya kushoto ya moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Ikishuka hadi asilimia 35 au chini yake, miongozo inapendekeza kifaa kipandikizwe.

Asilimia 35 imeokoa watu wengi. Lakini ni namba ya kundi. Wengi wanaopandikizwa kwa kigezo hicho huishi miaka na kifaa ambacho hakipati kazi yoyote; wanabeba waya ndani ya moyo, wanarudi kubadilishiwa betri, wengine wanapata maambukizi, wengine wanashtuliwa bila sababu, tena wakiwa macho. Upande wa pili wapo walio juu ya asilimia 35, ambao hakuna anayewashughulikia, na ambao kwa ujumla ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa ghafla. Namba inaeleza moyo unasukuma kwa nguvu kiasi gani. Haielezi umeme wake unapita njia gani.

*

Kila pigo la moyo huanza na cheche. Kikundi kidogo cha seli, juu upande wa kulia, hutoa umeme, na umeme ule husambaa kutoka seli hadi seli kama moto wa nyika. Moto ukishapita mahali, nyasi za pale zimekwisha, na hauwezi kurudi hadi ziote tena. Seli za moyo nazo zina muda wa kupumzika ambamo haziwezi kuwashwa upya. Kwa hiyo wimbi hupita mara moja, hufika mwisho, huzimika, na moyo ukangojea cheche nyingine.

Sasa weka jabali katikati ya nyika. Moto utalizunguka. Ikiwa njia ya kulizunguka ni ndefu, au moto unakwenda polepole, basi ukirejea ulipoanzia utakuta nyasi zimeshaota, na hapo hautazimika tena. Utazunguka na kuzunguka bila kungojea cheche ya mtu. Mwaka 1906 Mmarekani Alfred Mayer aliliona jambo hili katika pete alizokata kutoka kwenye mwili wa yavuyavu. Miaka michache baadaye, mwaka 1913, Mwingereza George Ralph Mines aliliona katika pete za misuli ya moyo, akaeleza masharti ya wimbi kuzunguka bila kukoma. Mwaka 1946, huko Mexico, mwanahisabati Norbert Wiener na mwanafiziolojia Arturo Rosenblueth walichapisha hisabati ya mawimbi hayo.

Ndani ya moyo wa mtu, jabali hilo ni kovu. Mtu anayepata shambulio la moyo na kupona hubaki na sehemu ya msuli iliyokufa, na mwili huiziba kwa kovu lisilopitisha umeme. Shida ni kwamba kovu halina kingo safi. Katikati na pembezoni mwake hubaki nyuzi za seli zilizonusurika, vijia vyembamba ambamo umeme hupita kwa kusuasua. Watu wawili wanaweza kuwa na moyo wenye nguvu ileile ya asilimia 30, mmoja akawa na kovu ambalo mawimbi hulizunguka na kuzimika, mwingine akawa na kijia kimoja chembamba kitakachomuua.

Wahenga waliposema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa usiku, walikuwa wakizungumzia nia na siri. Daktari wa moyo naye angeweza kuusema msemo huo bila kubadilisha neno. Ili kujua nani ana kijia kile, palihitajika mambo mawili: kuuona msitu wa mtu huyu mmoja, na kukokotoa jinsi moto utakavyopita ndani yake. Mambo hayo yalikuzwa na watu tofauti, katika vyumba tofauti, na kwa muda mrefu hayakujuana.

*

Kuona kulianza kwa kivuli. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua miale aliyoiita X, na wiki chache baadaye akaupiga picha mkono wa mkewe, mifupa yote pamoja na pete. Moyo katika eksirei, hata hivyo, ulibaki kivuli kinene katikati ya kifua. Ukubwa wake ulionekana, lakini si kilichomo.

Hatua iliyofuata ilianzia Cape Town. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mtaalamu wa fizikia, na sheria ilitaka awepo mtu wa kusimamia matumizi ya vitu vyenye mionzi. Wakamwomba mhadhiri wa chuo kikuu, Allan Cormack, awe anakuja siku moja na nusu kwa wiki. Cormack aliwatazama madaktari wakipanga mionzi ya kutibu saratani, akaona kitu kilichomsumbua: hesabu zao zilichukulia kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha aina moja ndani, kana kwamba mfupa, pafu na nyama vinazuia mionzi sawasawa. Kila mgonjwa alihesabiwa kama mwili wa wastani. Cormack akajiuliza kama inawezekana kuipima mionzi kutoka pembe nyingi nje ya mwili, kisha kwa hisabati kujua ndani ya mwili huu kuna nini, nukta kwa nukta. Aliipata hisabati hiyo na kuichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejibu. Ombi la nakala lililomchangamsha kuliko yote lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alilifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe bila kujua kazi ya Cormack. Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kwanza katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Groote Schuur yenyewe ilikuwa imeshajulikana duniani kwa jambo jingine: mwaka 1967 Christiaan Barnard alimpandikizia hapo Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, naye akaishi siku 18. Hospitali iliyompa mtu moyo wa pili wa nyama ndiyo iliyochangia hisabati ya kuuona moyo wake mwenyewe bila kumpasua.

Lakini ubongo hukaa kimya unapopigwa picha, moyo haukai. Kilichosaidia kilikuwa chombo kikongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alitengeneza mashine ya kupima umeme wa moyo. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Einthoven ndiye aliyeyapa mawimbi herufi tunazozikuta hadi leo, P, Q, R, S na T. Miongo mingi baadaye mashine za picha zilifundishwa kuifuata ile R, ncha ndefu inayotangulia kila pigo, ili zichukue kipande cha picha katika sekunde ileile ya kila pigo, kisha zivishone vipande hivyo pamoja. Kwa hiyo picha ya moyo tunayoiona imetulia kwenye kioo mara nyingi imefumwa kutokana na mapigo kadhaa.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kupata picha kwa sumaku badala ya mionzi, njia tunayoijua kama MRI. Ilitoa picha nzuri ya nyama laini, na mwishoni mwa karne watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, waliipa kazi ambayo eksirei isingeiweza. Mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolini, kisha husubiriwa dakika kama kumi. Dawa huondoka haraka kwenye msuli ulio hai na kukawia kwenye kovu. Katika picha, msuli hai huwa mweusi na uliokufa hung'aa. Hatimaye jabali likaonekana, na umbo lake, na vijia vyake.

*

Kukokotoa kulianza na ngisi. Ngisi wa bahari ya Plymouth ana neva nene kiasi cha kuingiza waya ndani yake, na kwa neva hiyo Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipima jinsi sodiamu na potasiamu zinavyoingia na kutoka kwenye seli wakati umeme unapopita. Mwaka 1952 waliyaweka yote katika milinganyo. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa kwa miezi kadhaa ikifanyiwa marekebisho, hivyo Huxley akaikokotoa milinganyo ile kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, hatua moja baada ya nyingine.

Neva humaliza kazi yake kwa takriban elfu moja ya sekunde. Seli ya moyo huchukua muda mrefu zaidi ya mara mia. Je, milinganyo ileile ingeweza kueleza vyote viwili? Swali hilo lilimwangukia Denis Noble, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha London, akiwa na miaka 23. Alihitaji kompyuta, na Chuo Kikuu cha London kilikuwa na moja, Ferranti Mercury, iliyogombewa na watu wa fizikia na hisabati. Mwanafunzi wa fiziolojia alipewa saa ambazo hakuna mwingine aliyezitaka: kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi. Kukipambazuka alikwenda machinjioni kuchukua mioyo ya kondoo, kwa kuwa hisabati yake ilihitaji vipimo kutoka kwenye nyuzi halisi za moyo.

Novemba 1960 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Noble alikuwa ameongeza tabia ya potasiamu aliyoipima kwenye nyuzi za kondoo, na milinganyo ikaanza kudunda. Hakuna sehemu yoyote ya milinganyo ile iliyoamuru pigo. Hakuweka saa ndani yake. Mdundo ulizaliwa kutokana na jinsi mikondo ilivyokuwa ikisukumana, kila mmoja ukiufungulia na kuufungia mwenzake mlango. Ulikuwa ndio mwanzo wa moyo wa kompyuta, ingawa ulikuwa na seli moja tu.

Seli moja haina umbo, na bila umbo hakuna kuzunguka jabali. Umbo lililetwa na wahandisi wa ndege. Mwaka 1956 kundi lililohusisha watu wa kampuni ya Boeing lilieleza namna ya kukokotoa jinsi bawa linavyopinda kwa kuligawa katika vipande vidogo vingi, kila kimoja kikiwa na hesabu rahisi, kisha kuviunganisha. Peter Hunter, mhandisi kutoka New Zealand, alikwenda kusoma Oxford miaka ya 1970 na kuutumia ufundi huo kwa moyo. Moyo ni mgumu kuliko bawa, kwani msuli wake umesokotwa: nyuzi za ukuta wa nje huelekea upande mmoja, na kadiri unavyoingia ndani zinageuka kidogo kidogo hadi za ndani zinakatisha zile za nje. Umeme hukimbia kwa kufuata uelekeo wa nyuzi na huchelewa unapozikata. Ukikosea msokoto, umekosea njia ya moto. Hunter aliporudi Auckland, yeye na wenzake waliupima moyo wa mbwa tabaka kwa tabaka, wakiandika uelekeo wa nyuzi, na mwaka 1991 wakachapisha moyo mzima wa hisabati wenye umbo na msokoto wake.

Huo ulikuwa moyo wa mbwa mmoja wa Auckland. Kwa miaka mingi ndio uliosimama badala ya mioyo yote.

*

Mwaka 2006 Natalia Trayanova, msomi mzaliwa wa Bulgaria, alihamia Johns Hopkins kutoka Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Maabara yake ilikuwa katika mji uleule ambao Mirowski aliunda kifaa chake, na chini ya jina lilelile la taasisi ambamo kilipandikizwa mara ya kwanza. Swali lake lilikuwa lile ambalo kifaa kiliacha nyuma: nani anakihitaji?

Kazi huanza na picha ya MRI ya mtu mmoja, iliyopigwa kwa gadolini. Kompyuta na watu hutenganisha msuli hai, kovu, na eneo la katikati lenye mchanganyiko. Umbo lile hugawanywa kuwa wavu wa nukta nyingi mno. Kila nukta hupewa uelekeo wa nyuzi, na kila nukta hupewa milinganyo ya seli, vizazi vya ile ya mwaka 1960. Nukta za kovu hunyamazishwa. Za eneo la katikati hupewa tabia ya seli zilizojeruhiwa, zinazopitisha umeme polepole. Kisha moyo ule wa pili huwashwa.

Baada ya hapo watafiti hujaribu kuuua. Huutia cheche za ziada mahali pamoja, wakatazama. Wakahamia mahali pengine, wakatazama. Na hivyo hivyo kuuzunguka moyo mzima. Wakati mwingi wimbi hupita na kuzimika. Wakati mwingine hukuta kijia, likachelewa humo, likatokea upande wa pili nyasi zikiwa zimeshaota, likaanza kuzunguka. Jaribio la namna hii hufanywa pia kwa wagonjwa wenyewe, kwa waya unaoingizwa kupitia mshipa wa damu hadi moyoni, na mashine ya kushtua ikiwa tayari pembeni. Moyo wa pili unaweza kufa mara nyingi kwa siku moja, na mwenyewe yuko nyumbani anakunywa chai.

Mwaka 2016 kundi la Trayanova lilichapisha matokeo ya watu 41 waliokuwa wamepata shambulio la moyo, wote wakiwa chini ya asilimia 35, wote wakiwa wamepandikizwa kifaa. Mambo yaliyowapata yalikuwa yameshatokea na kuandikwa, hivyo mioyo ya kompyuta ilikuwa ikibashiri yaliyopita. Wale ambao mioyo yao ya pili ilivurugika kwenye jaribio walikuwa na uwezekano wa mara nne hadi tano zaidi wa kuvurugikiwa kweli kuliko wale ambao mioyo yao ya pili ilihimili. Watu 41 ni wachache. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza swali la kifo cha ghafla lilikuwa limeulizwa kwa umbo la moyo wa mtu, na jibu likashinda asilimia. Miaka iliyofuata kundi hilo lilitumia njia hiyohiyo kuwaonyesha madaktari mahali pa kuchoma ndani ya moyo ili kukifunga kijia, na majaribio kwa wagonjwa hai yakaanza.

Ukoo huo wa fikra ulikuwa umeshaingia hospitalini kwa mlango mwingine. Novemba 2014, FDA ilimpa kibali HeartFlow, kampuni iliyoanzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Hiyo haikokotoi umeme bali damu. Picha ya CT ya mishipa ya moyo wa mgonjwa hutumwa, kompyuta inajenga mishipa yake na kukokotoa shinikizo linavyoshuka baada ya sehemu iliyobanwa. Kabla ya hapo, kulijua jambo hilo kulitaka waya upenyezwe hadi kwenye mshipa wenyewe. Sasa wapo watu ambao wameambiwa hawahitaji kuingizwa waya kwa sababu hesabu imekwenda mahali pao.

*

Tunaita moyo huu wa pili wa mtu binafsi, na wengine wanauita pacha. Neno hilo linahitaji tahadhari. Kilichotoka kwa mgonjwa ni umbo, unene wa kuta na kovu. MRI haiwezi kuona jinsi milango ya sodiamu na potasiamu inavyofunguka katika seli zake, na hakuna anayekata kipande cha moyo wa mtu hai ili kuipima. Uelekeo wa nyuzi nao, mara nyingi, haukupimwa kwake. Umekadiriwa kwa kanuni zilizotokana na mioyo mingine iliyopasuliwa mezani. Ndani ya moyo wa kompyuta wa mtu mmoja yumo ngisi wa Plymouth, wamo kondoo wa machinjio ya London, yumo mbwa wa Auckland. Umbo ni lake, tabia kwa sehemu kubwa ameazimwa.

Hilo halifuti thamani yake. Ikiwa kinachoua ni kijia ndani ya kovu, basi umbo peke yake linaweza kusema mengi. Lakini linatuonyesha Cormack alikuwa na wasiwasi wa kudumu. Tumeuondoa mwili wa wastani kwenye umbo, nao umejificha ndani ya seli.

Na si kila kovu limeshafundishwa kwa kompyuta. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mwanapatholojia aliyefanya kazi Kampala, aliandika kuhusu mioyo aliyoipasua ambayo utando wake wa ndani ulikuwa umegeuka kovu nene, bila mshipa wowote kuziba. Ugonjwa huo wa kanda za joto umeendelea kuwapata hasa watoto na vijana. Katika Afrika Mashariki ipo pia mioyo mingi ya vijana iliyoharibiwa valvu na homa ya rumatiki, matokeo ya maambukizi ya koo yaliyoachwa bila dawa. Tangu mwaka 2015 Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako mioyo ya namna hiyo hupimwa na kupasuliwa kila wiki. Moyo wa kompyuta uliokuzwa kwa makovu ya mishipa iliyoziba huko Baltimore hauwezi kuyajua makovu ya Kampala kwa kuyakisia. Itabidi picha zake zipigwe, na hesabu zake ziandikwe, na mtu atakayezitaka saa zile za usiku ambazo hakuna mwingine anayezitaka.

Picha yenyewe hupigwa hivi. Mtu analala chali, anaingizwa kwenye tundu la mashine, anavalishwa vizuia sauti masikioni kwa sababu ya makelele. Sauti inamwambia avute pumzi, aishushe, aibane. Kwa sekunde kumi na kitu anakaa bila kupumua, na mashine inafuata ncha za R moja baada ya nyingine, ikikusanya vipande. Kisha anaambiwa apumue. Baada ya mapumziko mafupi wanarudia tena, na tena, kwa karibu saa nzima.

Heller hakuwahi kulala humo. Mwaka 1966 waliomtibu walikuwa na mchoro wa umeme, stethoskopu, na hofu ya mtu mmoja aliyemwambia mkewe. Hofu ile ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyozaa kifaa. Lakini haikuweza kuonyesha kijia kiko wapi.